Kusafiri Peke Yako Tanzania na Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitangaza tu kwamba unasafiri bila mwenzako, maswali huanza: kwa nini, na nani, utalala wapi, huogopi? Hapa tumeacha "kwa nini" tukajibu mengine. Mwanzoni kuna mambo ya anayeondoka kwa mara ya kwanza. Mwishoni kuna ya mipakani na yale yasiyomtokea kila mtu.

## Kabla ya kukata tiketi

Sijawahi kusafiri peke yangu. Nianzie wapi?

Anzia mahali ambapo mambo yakigoma unaweza kugeuza ukalala kwako siku hiyohiyo. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Bagamoyo inatosha kabisa: ni kama kilomita 70, magari hayakatiki, kuna mji wa kale na magofu ya Kaole, na ukichoka nusu ya siku unarudi. Kwa mtu wa Nairobi kuna Naivasha, na pale jirani hifadhi ya Hell's Gate, moja kati ya chache nchini Kenya ambazo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kupanda baiskeli ndani yake. Kwa msafiri mmoja hilo ni jambo kubwa, na sababu yake utaiona kwenye swali la mbuga.

Hatua ya pili, ningependekeza Lushoto. Unashuka au unapitia Mombo, unapanda milima ya Usambara kwa barabara ya kona nyingi, unafikia mji mdogo wenye baridi ya kweli mwezi Juni na Julai, matunda kila kona, na matembezi ya nusu siku hadi ukingo wa Irente. Mji ni mdogo kiasi kwamba siku ya pili muuza chai ameshakujua.

Zanzibar wengi huifanya safari yao ya kwanza. Si vibaya, lakini ni mahali ambapo kila mtu anakuuzia kitu, na ukiwa peke yako wewe ndiye mteja pekee wa kila anayepita.

Nipange kipi kwanza: tarehe, mahali au bajeti?

Panga saa ya kufika. Hili ndilo jibu ambalo watu hawalitarajii, na ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu. Mkiwa wawili, kufika mji mgeni usiku ni usumbufu tu: mmoja analinda mizigo, mwingine anatafuta bajaji. Ukiwa mmoja, unafanya yote hayo huku simu ina chaji kidogo na watu watano wanakuvuta begi.

Tuchukue treni ya SGR ya Kenya, Madaraka Express. Ya saa 4 usiku kutoka Nairobi inavutia kwa sababu "unaokoa hela ya chumba", lakini inakufikisha Miritini kabla ya alfajiri, nje ya kisiwa cha Mombasa, na bado una safari ya gari hadi mjini. Ya saa 2 asubuhi inasimama vituo vya katikati na inachelewa kidogo, lakini unafika mchana, jua likiwa juu. Kwa mtu mmoja, hiyo ya asubuhi ndiyo treni.

Vivyo hivyo Dar hadi Mbeya. Ni zaidi ya kilomita 800. Ukiondoka saa 12 asubuhi unaweza kuingia Mbeya saa 2 au saa 3 usiku. Ikate safari Iringa, ulale, ukaone nguzo za mawe za Isimila, halafu uendelee kesho. Mji wa Iringa uko juu ya kilima na barabara kuu inapita chini, hivyo muulize kondakta mapema atakushusha wapi.

Ukishajua saa ya kufika, tarehe na bajeti hujipanga zenyewe.

Msimu gani ni mzuri?

Masika, Machi hadi Mei, huharibu barabara za vumbi na hufunga baadhi ya hoteli za pwani. Kwa upande mwingine bei hushuka. Juni hadi Oktoba ni kavu. Epuka kusafiri wiki ya mwisho ya Desemba kwenda Moshi na Arusha: Wachaga wanarudi nyumbani, nafasi hakuna, na tiketi inayouzwa na mtu asiye na ofisi ni balaa.

Nani ajue nilipo?

Mtu mmoja tu, lakini ajue vizuri. Mpe jina la basi na namba yake, jina la gesti, na saa utakayopiga simu. Mkubaliane pia afanye nini usipopiga. Kuwaambia ishirini kupitia stetasi ya WhatsApp ni kitu kingine, na wengine kati ya hao ishirini hawahitaji kujua kwamba nyumba yako iko tupu.

## Hela

Ni kweli kwamba peke yako ni ghali zaidi?

Inategemea unachokilipia. Basi, treni, boti, daladala na chakula cha mama ntilie bei yake ni ya kichwa kimoja, kwa hiyo hupotezi kitu. Panapouma ni kwenye vitu vinavyouzwa kizima: chumba, gari la kukodi, mtumbwi, mwongoza watalii. Chumba cha watu wawili unakilipia wewe. Mtumbwi wa kwenda Kilwa Kisiwani, ukitoka na kibali chako ofisini Kilwa Masoko, nahodha anakutajia bei ya chombo na hajali mmekuwa wangapi.

Dawa yake ni kuwahi. Nenda bandarini au ofisini jioni ya siku iliyotangulia, uulize kama kuna kundi la kesho. Mara nyingi lipo, na manahodha wenyewe wanapenda kujaza chombo.

Nauli ya kurudi iweke pembeni kabla hujatoka nyumbani, kwenye laini nyingine au akaunti nyingine, na usiiguse hata ukiona kitenge kizuri namna gani.

Nibebe taslimu kiasi gani?

Za siku mbili, zikiwa zimegawanywa sehemu mbili, na noti ndogo nyingi. Zilizobaki zikae kwenye simu. Wakala wa kutoa pesa yupo hata vijijini, ingawa huko anaweza kuishiwa taslimu ikifika jioni. Andika namba yako ya siri kichwani tu, na usimpe simu wakala "akusaidie".

Nimeona apatimenti nzuri Instagram. Wanataka nitume nusu kwanza.

Usitume kabla hujapata uthibitisho wa aina mbili: mtu akupigie simu ya video akiwa ndani ya chumba, na jina linalotokea kwenye muamala lifanane na la biashara au la mtu unayeongea naye. Ukisikia "hiyo namba ina shida, tuma kwenye hii nyingine", funga mazungumzo. Kama unakwenda mji wenye gesti nyingi, hulazimiki kulipa chochote mapema. Fika mchana, kagua, lipa (soma swali la gesti).

## Njiani

Basi au treni?

Pale penye treni ya SGR, treni. Kati ya Dar na Dodoma huduma ilianza Julai 2024, kwa nauli ya shilingi 31,000 daraja la kawaida, na safari inachukua takriban saa nne badala ya siku nzima ya basi. Tiketi ina jina lako na kiti chako, kitambulisho kinakaguliwa, na hakuna mtu wa kugombea naye begi. Nairobi hadi Mombasa daraja la chini ni shilingi 1,500 za Kenya, tangu bei zilipopandishwa Januari 2024. Kote kuwili mizigo inakaguliwa kabla ya kupanda, kwa hiyo aliyefika dakika za mwisho hubaki nje akiangalia treni inaondoka kwa wakati.

TAZARA ni habari nyingine. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, inapita katikati ya hifadhi ya Nyerere, na wapo wanaopanda kwa ajili ya dirisha tu. Vyumba vya kulala ni vya watu wanne daraja la kwanza na sita daraja la pili, na wanawake hulala na wanawake, wanaume na wanaume, isipokuwa mkinunua chumba kizima. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake huo ni mpangilio mzuri kuliko basi lolote. Ratiba tu ndiyo usiiamini: thibitisha stesheni kama treni ya wiki hiyo ipo, na usijipangie kikao siku ya kufika.

Nitapitaje kwa wapiga debe wa stendi ya mikoani ya Mbezi, Dar?

Nunua tiketi kabla, kwa simu au ofisini, na iwe ya kielektroniki yenye jina lako. Ukishuka kwenye daladala pale Stendi ya Magufuli, uwe unajua jina la basi na uende moja kwa moja, begi likiwa mbele. Atakayekwambia "hilo limeshaondoka, njoo hili" hana habari na basi lako. Mjibu kwa heshima, "nimeshakata, asante kaka," endelea kutembea. Ukisimama kujieleza umeshaingia kwenye mazungumzo yake.

Basi likisimama kuchimba dawa, nikiachwa je?

Swali hili linachekesha mpaka likukute. Mwenye mwenzake ana mtu wa kupiga kelele "dereva, bado mmoja!" Wewe mtafute huyo mtu mapema: msalimie jirani yako wa kiti tangu mwanzo wa safari, na ukishuka mwambie, "dada, nashuka, nisaidie wasiniache." Mwambie na kondakta. Simu, pesa na kitambulisho shuka navyo. Kwenye hoteli za njiani, kama pale Korogwe, mabasi hujipanga kumi kwa mara moja na mengine yanafanana rangi, basi soma namba ya gari lako kabla ya kukimbilia chipsi.

Tiketi inasema 06:00. Ni saa sita?

Ni saa 12 asubuhi. Tiketi za mtandaoni huandikwa kwa saa za kizungu, kondakta anazungumza saa za Kiswahili, na Mkenya aliyezoea kusema "saa sita" kwa maana ya mchana naye anaweza kuchanganywa na meseji ya Kiingereza. Uliza hivi: "Asubuhi kabla jua halijatoka, au baada?" Hakuna anayekosea hapo.

Basi la usiku lina shida?

Tanzania mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya katazo. Faida ni kwamba unaweza kutoka jioni ukafika asubuhi, na kufika asubuhi ndiko tunakokutaka. Hasara ni uchovu wa madereva, na kwamba mtu aliyelala peke yake hana wa kumwangalizia mkoba. Kama ni lazima, kaa karibu na mbele, mkoba wa thamani uwe umeuvaa, na hakikisha saa ya kufika ni baada ya kupambazuka. Basi linalotoka saa 12 jioni likafika saa 9 usiku ni la kuliacha.

Boti za visiwani zikoje kwa mtu mmoja?

Dar hadi Unguja ni rahisi: takriban saa mbili, tiketi kwa kitambulisho, boti kubwa. Upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka, bahari huchafuka, na ukitapika peke yako hakuna wa kukushikia begi. Kaa nyuma na chini, si juu mbele. Tiketi nunua dirishani au mtandaoni, si kwa kijana wa nje ya geti. Ukishuka Unguja, daladala ya Nungwi ni namba 116, na haina haja ya "msaidizi".

Mafia boti zinatoka Nyamisati kwenda Kilindoni na zinafuata maji ya bahari, kwa hiyo ulizia saa siku hiyohiyo. Ukienda kuona papa potwe, Oktoba hadi Machi ndio wakati wake, na hapo jiunge na kundi maana chombo kinalipiwa kizima.

## Kulala

Nitajuaje kama gesti ni nzuri?

Omba kuona chumba kabla ya kulipa, hakuna anayeshangaa. Jaribu komeo la ndani kwa mkono wako mwenyewe, angalia dirisha linafungika, fungua bomba, tazama neti ina matundu. Halafu sikiliza: gesti iliyoungana na baa ina bei nzuri kwa sababu ambayo utaijua saa 7 usiku. Kama chumba ni "self" (choo na bafu ndani) hutahitaji kutoka usiku, na kwa tofauti ya bei ilivyo, mtu mmoja alipie tu.

Chumba cha ghorofa ya kwanza, karibu na mapokezi, ni bora kuliko cha mwisho kabisa uani. Nyumba za wageni za makanisa na masista, zipo miji mingi, ni safi na tulivu, ingawa geti hufungwa mapema.

Kitabu cha wageni kinauliza hadi kabila. Lazima nijaze?

Jina, kitambulisho, unakotoka na unakokwenda jaza kwa ukweli. Polisi hukagua vitabu hivyo, na ukipata tatizo ndicho kitakachoonyesha kwamba ulifika. Kabila hakuna atakayekushika koo ukiacha. Namba ya chumba ndiyo ya kuilinda: mhudumu akiitaja kwa sauti mbele ya watu, omba kingine, sema hiki hukipendi.

Mwanamke peke yake gesti, hawatanifikiria vibaya?

Wapo watakaofikiria. Mhudumu mwingine atakuuliza "mko wangapi?" mara mbili. Jibu kavu linatosha: "Mmoja. Nina kazi kesho asubuhi." Kazi ni neno linalofunga mjadala kuliko utalii. Ukigongewa usiku usifungue, piga simu mapokezi (namba yao iombe wakati unalipa). Na kama mazingira hayakupi amani wakati bado ni mchana, ondoka. Hela ya chumba kimoja inauma kwa siku moja.

## Watu na usalama

Wakiniuliza mume au mke yuko wapi?

Kwa kawaida ni salamu tu, si upelelezi. Bibi kwenye basi anauliza kwa sababu anaona mtoto wa mwenzake yuko njiani peke yake. Mpe shikamoo, mwambie unakwenda wapi, na mara nyingi umepata mlinzi hadi mwisho wa safari. Atakuambia hadi wapi pa kushuka na nani asikubebee mzigo. Mwanamume wa makamo anayeuliza mara tatu unalala hoteli gani ni suala tofauti. Huyo mwambie kuna ndugu anakuja kukupokea stendi. Si dhambi.

Nikikaribishwa chakula au kinywaji?

Kwenye familia uliyofikia, kula, na kukataa kutaonekana dharau. Ndani ya basi, biskuti na juisi ya mtu usiyemjua shukuru, sema umefunga au tumbo halipo sawa. Nairobi na Mombasa baa zina kitu kinachoitwa kuwekewa "mchele", dawa ya usingizi kwenye glasi, na wanaume ndio wanaoibiwa zaidi kwa mtindo huo. Kinywaji kifunguliwe mbele yako, na ukienda msalani, ukirudi agiza kingine.

Nikiumwa je?

Homa ikikupata, kapime malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kipo hata zahanati ndogo. Usinunue dawa ya mseto dukani kwa kukisia. Mwambie mwenye gesti kwamba hujisikii vizuri, kwa sababu asipojua atadhani umelala tu. Andika kwenye karatasi, si kwenye simu pekee, jina la ndugu, namba yake, dawa unazotumia na aleji, uiweke nyuma ya kitambulisho.

Namba za dharura Tanzania: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji. Kenya: 999 au 112.

## Mlima na mbuga

Naweza kupanda Kilimanjaro peke yangu?

Bila kundi, ndiyo. Bila mwongozaji, hapana. Ni sharti la hifadhi tangu 1991. Mlima Meru huongezewa askari mwenye bunduki kwa ajili ya wanyama. Mlima Kenya nao hawamruhusu mtu mmoja kuingia kupanda bila mwenzake au mwongozaji.

Na mbuga?

Hapa ndipo mtu mmoja anaumia. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni kidogo, lakini gari la kukodi bei yake ni ileile kwa mmoja au sita. Una njia tatu: kujiunga na safari za makundi zinazotangazwa sikukuu na Saba Saba, kufika mji wa karibu siku moja kabla, kama Mikumi au Karatu, ukaulize nani ana nafasi, au kuchagua hifadhi za miguu. Udzungwa ni ya miguu yote. Unalala Mang'ula, unalipia mwongozaji, unapanda hadi maporomoko ya Sanje, na hakuna gari kwenye hesabu.

## Mipakani na kesi za pembeni

Mtanzania anavuka kwenda Kenya na kitambulisho cha NIDA?

Hapana. Kenya, Uganda na Rwanda ndizo zilizokubaliana raia wao wavukiane kwa kitambulisho cha taifa, tangu 2014. Mtanzania kwenda Kenya, na Mkenya kuja Tanzania, anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria kutoka uhamiaji. Viza hakuna. Hakikisha umegongewa muhuri pande zote mbili: Namanga na Holili ofisi za nchi mbili ziko pamoja, na basi lililojaa watu wenye haraka linaweza kukupitisha dirisha moja ukasahau la pili. Ukiwa peke yako, mwambie kondakta akuhesabu kabla hamjaondoka.

Kadi ya homa ya manjano bado inaulizwa?

Inaulizwa, hasa ukitokea au ukienda Uganda na Kongo. Chanja kituo kinachotambulika, siku 10 au zaidi kabla ya safari. Kadi haiishi muda tena: tangu Julai 2016 ni ya maisha, na atakayekwambia ya zamani imepitwa na wakati mwonyeshe tarehe ya chanjo kwa upole.

Mifuko ya plastiki je?

Itoe begini kabla ya mpaka. Kenya imeipiga marufuku tangu 2017, Tanzania tangu 2019, Rwanda kabla ya wote. Viatu na nguo chafu fungia kwenye kitenge.

Kuna mpaka ambapo saa hubadilika?

Ipo. Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi ziko saa moja nyuma ya Tanzania. Ukivuka Rusumo saa 8 mchana, Rwanda ni saa 7, na unapata saa moja ya bure kwenye ratiba. Kurudi ndiko kunakokamata watu: basi la Kigali linaloonekana litakufikisha mpakani saa 11 jioni linakufikisha saa 12 kwa saa za Tanzania, giza likikaribia, na hapo tafuta chumba Rusumo au Benaco badala ya kuunganisha gari la Mwanza usiku huo.